Mkimbiaji na mkimbizi: somo la msamiati kupitia mchezo wa Salaam

Kitenzi kukimbia kimezaa nomino mbili, mkimbiaji na mkimbizi. Tofauti yake tutaifuata katika kazi ya Lual Mayen, mwandishi wa programu za michezo ya video.

Mayen alizaliwa safarini, wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300. Ili kuichaji alitembea saa tatu. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu, akatunga Salaam. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha Junub Games, na mwaka 2018 akatunukiwa katika The Game Awards.

Salaam ni neno la Kiarabu lenye maana ya amani. Mzizi wake umetupa salamu, salama na usalama. Katika mchezo huo unamwongoza mtu anayekimbia vita, naye anahitaji maji, chakula na dawa ili aendelee.

Sasa turudi kwenye maumbo. Mkimbiaji huundwa kwa kiambishi -ji. Mkimbizi hutumia -i, umbo la zamani zaidi. Sauti l iliyopotea katika kimbia bado inasikika katika kimbilia, na mbele ya -i hiyo hugeuka z. Linganisha lea, lelea, mlezi. Zaa, zalia, mzazi.

Kimaana, mkimbiaji hutaja tendo: akisimama, jina linakwisha. Mkimbizi hutaja hali: hata akikaa mahali pamoja miaka ishirini, jina linabaki. Mayen hakukimbia, alibebwa. Hata hivyo alikuwa mkimbizi tangu siku ya kwanza. Mchezo wake unamfanya mchezaji awe mkimbiaji kwa dakika chache, aonje mwanzo wa ukimbizi.

Kwetu Itebero, waliokimbia vijiji vyao bila kuvuka mpaka wa nchi huitwa rasmi wakimbizi wa ndani. Katika mazungumzo husikika badeplase. Jirani yetu analima shamba lake mwaka wa sita sasa, na bado ni deplase. Watoto wake, waliozaliwa palepale Itebero, wanaitwa vilevile. Hapo sarufi inatuhusu sote: jina la hali halikomi lenyewe, hukoma pale wenyeji wanapoacha kulitumia.

Zoezi: Tafuta nomino tatu nyingine zenye -i ya zamani. Je, kila moja inataja tendo au hali?