Mas-ala ya Ujira wa Fundi wa Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Ama baad. Ijulikane ya kuwa ugomvi wa mwenye nyumba na fundi wake aghlabu hauzuki siku ya kuchimba msingi. Huzuka bati la mwisho likisha kupigiliwa, ambapo mmoja ataka kuhamia na wa pili ataka kurejea kwao na fedha yake.

Mfano wake: Zaidi, mkulima wa korosho wa Newala, amemwajiri Amri, fundi aliyepanda kutoka Mikindani, amjengee nyumba ya vyumba vitatu. Wamepatana, wakapeana mikono, wala hawakuandika. Kutoandika si dhambi. Lakini ni kuacha aliyoyausia Mwenyezi Mungu katika Aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote, nayo yahusu kuandika deni na kushuhudisha.

Mzozo wao wa kwanza ni maji. Aliyefika uwanda wa Wamakonde ajua ya kuwa juu kule hakuna mito. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza katika miaka ya 1950, wanawake waliteremka mabondeni wakapanda nayo kichwani, na mjenzi hununua maji mpaka leo ikiwa bomba halimfikii. Amri asema maji ni juu ya mwenye nyumba. Zaidi asema yamo ndani ya ujira. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj jambo lifananalo na hili, nalo ni uzi wa mshoni. Ameweka ya kuwa kauli iliyo sahihi zaidi, uzi haumlazimu mshoni. Kisha akaongeza ya kuwa Imam Rafii katika Sharhi yake amesahihisha kurejea kwenye ada, na ada ikiwa yagongana, ni wajibu kubainisha, la sivyo ijara hubatilika. Basi fundi akiwa na ada ya pwani, na mwenye nyumba ana ada ya juu, ndiyo ada iliyogongana hiyo! Neno moja la mwanzo lingalitosha.

Wa pili ni wakati wa kulipa. Zaidi alisema, "Nitakulipa korosho zikilipwa." Neno jepesi, nalo limevunja mapatano mengi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho chamani, zikauzwa mnadani, na fedha hufuata nyuma. Katika msimu wa 2018 bei ya mnada ilikataliwa, Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakangoja miezi. Nani basi aijuaye siku ile? Katika madhehebu ya Shafii muda usiojulikana huharibu mapatano, hata ukitajwa kwa mavuno. Ijara ikiharibika na kazi imekwisha kutendwa, fundi hapotezi jasho lake: ana ujira wa mfano, yaani wapewao mafundi wa mahali pale kwa kazi kama ile.

Na lau wangekhitalifu kiasi chenyewe, Zaidi akasema laki tisa na Amri laki kumi na mbili, wala hapana shahidi, huapishwa wote wawili, kila mmoja akikanusha la mwenziwe na kuthubutisha lake. Kisha mapatano hufutwa, na hapo pia hurejewa ujira wa mfano. Hukumu hii wengi hawaijui, hudhani kiapo ni cha fundi peke yake.

Lakini ugomvi ukiwa ni juu ya kazi, mwenye nyumba asema, "Nilikuagiza baraza mbele," na fundi amejenga nyuma, husadikiwa mwenye nyumba kwa kiapo chake, mithili ya mwenye kitambaa na mshoni aliyekata kanzu isiyotakiwa.

Bara ya Tanganyika daawa ya ujira huenda Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya huko iko sulhu mbele ya wazee wa msikiti. Waitwe mafundi wawili waadilifu, wasio jamaa wa yeyote, wapime kuta, wahesabu mabati, wataje ujira wa mfano. Kisichogombewa Zaidi akitoe siku ile ile, kwani Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, na kinachogombewa kiwekwe kwa mwaminifu mpaka hesabu imalizike.