Rejeta, Maji na Tarakilishi: Suala la Istilahi katika Ujenzi wa Kasha Linalopozwa kwa Maji

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba maarifa ya sayansi na teknolojia si mpya. Mwaka wa 1990, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia; na mnamo 2004 mradi wa Kilinux katika chuo hicho hicho ulitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Juhudi hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, kwa upande wa tarakilishi (au kompyuta, kama wasemavyo wengi nchini Tanzania), kazi kubwa imefanywa juu ya kile kinachoonekana kwenye skrini. Chuma, feni, nyaya na skrubu zilizomo ndani ya kasha zimeachwa zijitafutie majina.

Makala haya yanachukua kipengele kimoja chembamba cha uwanja huo, yaani ujenzi wa kasha la tarakilishi ya mezani inayopozwa kwa maji. Kipengele hiki kimeteuliwa kwa sababu kinaijaribu lugha kwa namna ya pekee. Katika kazi hii maji na umeme hukaa pamoja katika sanduku moja, na maelekezo yenye neno lisilofaa humwaga maji juu ya mashine yenye thamani ya mshahara wa miezi kadhaa. Hoja inayoendelezwa ni kwamba sehemu kubwa ya msamiati unaohitajika tayari imo vinywani mwa makanika na mafundi wa bomba. Na pale unapokosekana, istilahi iundwe kwa kutazama kifaa kinafanya nini.

Joto na halijoto

Kosa la kwanza la waelezaji wengi hutokea kabla hata kifaa kimoja hakijatajwa. Husemwa kwamba maji "hupunguza joto" la kichakataji. Kauli hii si sahihi. Kichakataji na kadi ya michoro zinazotumia jumla ya wati 300 hutoa joto la wati 300, ziwe zimepozwa kwa hewa, kwa maji au kwa kitu kingine chochote. Kinachopungua ni halijoto ya kichakataji. Joto lenyewe huhamishwa tu kutoka mahali finyu hadi mahali panapoweza kulitawanya, na hatimaye lote huishia katika chumba alimoketi mtumiaji. Mwanafunzi anayejenga mashine hii akitumaini kwamba chumba chake kitakuwa na ubaridi amepotoshwa na lugha.

Kiswahili sanifu kinayo maneno mawili, joto na halijoto, nayo yatenganishwe. Pia kinacho kitenzi kupoza, ambacho hukaa karibu sana na kupooza. Irabu moja ikizidi, mfumo wa kupoza hugeuka mfumo wa kupooza, na mhariri asiye makini huipitisha sentensi hiyo bila kushtuka.

Sababu ya kutumia maji ni nyepesi kueleza. Gramu moja ya maji huhitaji takriban jouli 4.18 ili halijoto yake ipande kwa nyuzijoto 1 ya Selsiasi, ilhali gramu moja ya hewa huhitaji takriban jouli 1. Tofauti huwa kubwa zaidi vinapolinganishwa kwa ujazo, kwa kuwa hewa ni nyepesi mno: lita moja ya maji hubeba joto takriban mara 3,500 ya lita moja ya hewa kwa ongezeko lile lile la halijoto. Pampu ikisukuma lita 4 kwa dakika, joto la wati 300 huyapandisha maji hayo kwa nyuzijoto 1 hivi tu yanapopita. Ndiyo maana mabishano marefu ya mafundi kuhusu kifaa kipi kitangulie kupokea maji, kichakataji au kadi ya michoro, hayana uzito mkubwa. Maji hupata halijoto inayokaribia kulingana katika mzunguko mzima.

Kuna kikomo pia. Mfumo wa aina hii hauwezi kuishusha halijoto ya maji chini ya ile ya chumba, kwa sababu rejeta hupozwa na hewa ya chumba hicho hicho. Hili ni jambo la heri, kwani huzuia mvuke wa hewani kugeuka matone juu ya bodi mama.

Gereji kama chimbuko la istilahi

Kupoza tarakilishi kwa maji kulianza katika mashine kubwa za taasisi. Mashine ya System/360 Model 91 ya kampuni ya IBM, katika miaka ya 1960, ilipozwa kwa maji. Cray-2 ya mwaka wa 1985 ilienda mbali zaidi. Sakiti zake zilizamishwa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Miaka mingi baadaye, mnamo 2004, kampuni ya Apple iliuza tarakilishi ya mezani ya Power Mac G5 ikiwa na kimiminika cha kupoza ndani yake.

Lakini historia inayomhusu mjenzi wa kawaida haiko katika viwanda hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapenzi wa tarakilishi huko Marekani na Ulaya waliamua kujipozea mashine zao wakati ambapo vifaa mahususi vilikuwa adimu. Walienda wapi? Walienda kwenye maduka ya vipuri vya magari na maduka ya samaki wa mapambo. Rejeta yao ilikuwa ile ndogo inayowapashia abiria joto ndani ya gari, hasa ya Chevrolet Chevette na ya Pontiac Bonneville. Pampu waliyoipenda ilikuwa ya Eheim ya Ujerumani, iliyoundwa kwa ajili ya matangi ya samaki. Mipira ya maji ilifungwa kwa vibanio vya gereji.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala haya. Makanika wa Nakuru au Mombasa anapoitaja rejeta, hatumii sitiari. Kifaa kilichomo ndani ya kasha la tarakilishi kilitoka katika gari, kina mapezi yale yale na kinafanya kazi ile ile. Mtaalamu anayekaa mezani kukibunia jina kama "kitawanyishi" anakifanya kionekane kigeni kwa watu ambao wamekizibua, wamekichomelea na kukijaza maji maisha yao yote. Vivyo hivyo maneno pampu, tangi, koki, mpira wa maji, fitingi na feni hayahitaji mbadala.

Kuna kifaa kimoja ambacho gereji haina jina lake: kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya kichakataji, chenye mifereji myembamba ndani ambamo maji hupita. Wapo wanaokiita kipozaji. Jina hilo halifai, kwani jina hilo hilo hupewa rejeta, feni na hata maji yenyewe, na msomaji hushindwa kujua aambiwacho afunge ni kipi. Zaidi ya hayo, kipande hicho hakipozi kitu kwa nguvu zake. Kinapokea joto na kuyakabidhi maji. Kiswahili kina muundo uliozoeleka wa kuunda majina ya vifaa, kama vile kipazasauti, kinasasauti na kipimajoto. Kwa kufuata muundo huo, kipokeajoto ni jina linaloeleweka bila kamusi. Ule ute mzito unaopakwa kati yake na kichakataji tayari una jina la gereji pia: ni grisi, grisi ya joto.

Kasha lenyewe

Mjenzi mwenye busara huanza na rejeta, kisha hulizungushia kasha. Bodi mama ya kiwango cha ATX, kilichowekwa na kampuni ya Intel mwaka wa 1995, ina milimita 305 kwa 244, na vipimo hivyo havibadiliki kwa matakwa ya fundi. Rejeta ya feni tatu za milimita 120 huitwa ya 360, lakini urefu wake halisi huzidi milimita 360 kwa sababu ya vyumba vya maji vilivyo kwenye ncha zake. Aliyekata bati kwa kuliamini jina amekata bati fupi. Unene nao usisahauliwe: rejeta ya milimita 30 pamoja na feni ya milimita 25 huchukua milimita 55, na bado mkono unahitaji nafasi ya kufika kwenye skrubu.

Kazi ya bati haina jipya kwa fundi wa jua kali. Wanaokunja mabati pale Kamukunji jijini Nairobi, wakitengeneza masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, wana msamiati kamili wa kupima, kukata, kukunja, kutoboa na kupiga ribiti. Linaloongezwa na tarakilishi ni tahadhari ya umeme: bodi mama isimamishwe juu ya vinguzo vidogo ili mgongo wake usiguse bati, na vumbi lote la chuma lifutwe kabla ya kifaa chochote kuingizwa. Upande wa kuonyeshea hutengenezwa kwa akriliki, plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Plastiki hii ikitobolewa kwa keekee inayokwenda kasi huyeyuka pembezoni mwa tundu, ikishinikizwa, hupasuka. Utando wake wa karatasi uondolewe mwisho kabisa.

Skrubu za rejeta zinastahili kuzungumziwa zaidi kuliko kawaida. Feni ya milimita 25 hufungwa kwenye rejeta kwa skrubu ndefu, aghalabu ya milimita 30. Skrubu hiyo hiyo ikitumiwa kuifunga rejeta moja kwa moja kwenye bati, pasipo feni katikati, huingia ndani mno na kuutoboa mfereji wa maji. Maelekezo yanayosema tu "funga kwa skrubu" yamemwacha msomaji pabaya.

Suala la metali ni la kemia na la lugha kwa pamoja. Kipokeajoto huwa cha shaba; rejeta nyingine za bei nafuu huwa za alumini. Metali hizi mbili zikikutana katika maji yale yale, alumini hulika. Mwalimu akimwambia mwanafunzi achunguze "kutu", mwanafunzi atatafuta wekundu wa chuma na hatauona, kwa kuwa alumini iliyolika huacha unga mweupe. Kitenzi kulika ndicho kinachofaa hapa. Dawa za kuzuia ulikaji huchelewesha tu; njia salama ni kutumia shaba kila mahali.

Kujaza na kupima

Maji yanayotumika ni yale yaliyokenekwa, kwa kuwa ya mfereji huacha chumvi katika mifereji myembamba ya kipokeajoto. Msomaji asielekezwe kununua "maji ya betri" bila ufafanuzi, kwani jina hilo laweza kumletea asidi. Tena isidhaniwe kwamba maji yaliyokenekwa hayana hatari kwa sababu hupitisha umeme kwa shida. Yakishagusa metali na vumbi hupata chembe zinazopitisha umeme, na usafi huo hutoweka.

Tangi huwekwa juu ya pampu ili maji yaishukie yenyewe. Pampu isiendeshwe ikiwa kavu hata kwa muda mfupi, maana maji hayo ndiyo yanayoilainisha na kuipoza. Inapojazwa kwa mara ya kwanza huvuma kwa sababu ya viputo vya hewa. Kasha huinamishwa huku na huku ili viputo vipande hadi kwenye tangi. Makanika huiita kazi hii kutoa hewa, na jina hilo linatosha.

Katika jaribio la uvujaji, pampu peke yake ndiyo hupewa umeme. Bodi mama, kadi ya michoro na vifaa vingine vyote hubaki bila umeme. Karatasi laini nyeupe hutandazwa chini ya kila kiungo, kwani tone lisiloonekana kwa macho huonekana kwenye karatasi. Desturi ya wengi ni kuuacha mfumo ukizunguka kwa saa 24. Muda huo huonekana mrefu kwa aliyekwisha kununua kila kitu na kutamani kuiwasha mashine yake, na ni hapo ambapo wengi hufupisha. Kiungo kinacholia machozi mara nyingi kina oringi iliyokaa upande au iliyokazwa kwa koleo hadi ikakatika. Viungo vingi hukazwa kwa mkono, kisha huongezwa sehemu ndogo tu ya mzunguko.

Maji haya hayakai milele. Wajenzi wengi huyabadilisha baada ya miezi kadhaa hadi mwaka mmoja, yanapoanza kubadilika rangi au kuota ukungu. Kwa hiyo koki ya kumwagia huwekwa mahali pa chini kabisa katika mzunguko, nayo huchorwa kwenye ramani ya kasha tangu siku ya kwanza. Asiyeiweka hulazimika kulibeba kasha zima, lenye lita moja au zaidi ya maji, na kuliinamisha juu ya karai huku bodi mama ikiwa ingali ndani.