Safari ya Jalsa Salana: Nasaha kwa Mgeni wa Mara ya Kwanza



Wako ndugu walioingia karibuni katika Jumuiya, na wengine wangali wakichunguza, ambao huuliza jinsi ya kuhudhuria Jalsa Salana ya Uingereza. Jawabu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni nia. Ya pili ni hati, nauli na nguo. Mwenye kushika moja na kuiacha ya pili hujitia taabuni.

Jalsa ni nini?

Jalsa ya kwanza ilifanyika Qadian, India, tarehe 27 Desemba 1891, wakahudhuria watu 75. Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. alitaka wafuasi wake wakutane kila mwaka wasikilize maarifa ya dini, wasali pamoja na kufahamiana. Basi Jalsa si Hijja, wala haichukui mahali pake. Hijja ni nguzo ya Uislamu na mahali pake ni Makka peke yake.

Baada ya nchi ya India kugawanywa mwaka 1947, Jalsa kubwa ilifanyika Rabwah, Pakistan, hadi 1983. Mwaka 1984 serikali ya Pakistan ilitoa amri ya kuwazuia Waahmadiyya wasijitambulishe kuwa Waislamu, na Khalifa wa Nne r.h. akahamia London. Tangu hapo Jalsa ya Uingereza ikawa mkutano wa mataifa yote. Kuanzia mwaka 2006 imezoea kufanyika Hadiqatul Mahdi, yaani Bustani ya Mahdi, shamba la ekari 208 karibu na mji wa Alton, yapata kilomita 80 kusini-magharibi ya London. Kwa kawaida huwa mwishoni mwa Julai, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili.

Matayarisho

Kwanza, nauli. Hadhrat Ahmad a.s. aliwashauri wenye kipato kidogo waweke akiba ndogo ndogo, kila siku au kila mwezi, hata safari iwe nyepesi itakapofika. Hii ndiyo njia iliyo bora. Usikope deni litakalowalaza watoto wako na njaa, wala usiuze shamba linalowalisha. Asiyeweza kusafiri hana lawama. Ahudhurie Jalsa ya nchi yake, na ile ya Uingereza aifuate katika matangazo ya MTA, ambayo hutafsiriwa kwa Kiswahili.

Pili, hati. Mwananchi wa Tanzania, Kenya au Uganda huhitaji viza ya kuingia Uingereza. Maombi ya viza ya mgeni hayapokelewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na jawabu huchukua yapata wiki tatu, pengine zaidi. Ada hairudishwi ukikataliwa. Kwa hiyo usinunue tiketi kabla ya kupata viza. Onyesha kazi yako, mapato yako na mambo yatakayokurudisha nyumbani, yote kwa ukweli. Onana na Mubalighi au ofisi ya Jumuiya ya nchi yako mapema, kwani uandikishaji wa wageni hupitia huko. Anayechunguza bado naye aweza kualikwa. Hatakiwi kufanya Bai'at ndipo akaribishwe.

Hapa tuseme wazi. Mtu anayeandika kwamba anakwenda kusikiliza mafunzo ya dini, kisha akajificha huko ili atafute kazi, ameianza safari yake kwa uongo. Hasara haimwishii yeye. Mwaka ufuatao mama mzee aliyeweka akiba miaka kumi atasimama mbele ya afisa yule yule, naye atatiliwa shaka kwa kosa asilolitenda. Kurani Tukufu (2:198) yafundisha kwamba masurufu yaliyo bora ya msafiri ni ucha Mungu. Asiyekuwa na masurufu hayo, hata mfuko wake ukijaa pauni, ametoka mikono mitupu.

Tatu, mizigo. Mwezi wa Julai ni kiangazi huko, lakini usiku hupoa na mvua hunyesha ghafula. Mahema husimamishwa shambani. Mvua ikinyesha, ardhi hugeuka tope. Chukua sweta, koti la mvua na viatu vya kufunga. Dawa zako uzichukue pamoja na cheti cha daktari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache, huenda kikatakiwa njiani wakati wa kurudi. Plagi za umeme ni zile zile za pini tatu za bapa zitumikazo kwetu. Jua huzama karibu saa tatu usiku, hivyo usishangae Magharibi ikichelewa. Saa za huko wakati huo ziko nyuma ya za Afrika Mashariki kwa saa mbili.

Utakayoyaona

Ijumaa kuna khutba ya Khalifa na kupandisha bendera. Jumamosi huwahutubia akina mama katika hema lao, kisha alasiri hueleza kazi za Jumuiya za mwaka mzima. Jumapili kuna Bai'at ya kimataifa, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambapo watu huwekeana mikono mabegani mpaka mstari umfikie Khalifa. Chakula hutoka Langar, jiko la wageni lililoanza Qadian: nyama na viazi, dengu na mikate. Wapishi, walinzi na wasafishaji wa vyoo karibu wote ni watu wa kujitolea. Huenda anayekumiminia maji ni daktari aliyechukua likizo ili akutumikie.

Adabu ya mgeni

Ndugu zangu, mwaka 1893 Jalsa haikufanyika. Haikuzuiwa na serikali wala na uhaba wa fedha. Hadhrat Ahmad a.s. mwenyewe aliiahirisha, kwa kuwa alihuzunishwa na baadhi ya waliohudhuria. Waligombana kwa mambo madogo, na mwenye nguvu alikishika kitanda huku ndugu yake aliye dhaifu akilala chini. Aliona kwamba mkusanyiko usiozaa upendo hauna faida.

Fikiri, msomaji, jinsi jambo hili lilivyo karibu nasi. Katika umati wa maelfu ya watu utasubiri foleni ndefu. Utalala pamoja na mtu akoromaye, na chakula huenda kisiwe na ladha ya kwenu. Hapo ndipo safari inapopimwa. Mpe mzee godoro lako. Msogezee nafasi usiyemjua. Na wewe unayechunguza, tazama hayo kuliko wingi wa watu. Sikiliza hotuba, uliza maswali yako bila hofu, kisha angalia jinsi watu wanavyotendeana wakiwa wamechoka. Ukiona kasoro, kumbuka kwamba mwanzilishi hakuificha kasoro ya watu wake, bali aliitangaza ili waitengeneze.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wote nia safi na kurejea kwa salama, na walio nyumbani awape sehemu ya baraka zile zile. Amin.