Mlanguzi Ni Nani: Mtoto wa Robo Kilo au Mwenye Ghala?

Barua ya safari hii imetoka kwa mama mmoja wa Mkuyuni, jijini Mwanza. Mwanawe ana miaka 16 na bado anasoma sekondari. Kila bidhaa inapoadimika, kijana huchukua mzigo kwa mwenye ghala kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, akaufunga vipimo vidogo na kuuza mtaani kwa bei ya juu. Alianzia kwenye sukari, mwaka 2024. Sasa mzigo mmoja umebebwa na mgambo bila kuachiwa hata kipande cha karatasi, mwenye ghala anataka fedha zake na anatishia kwenda polisi, nao majirani wameshamwita kijana mlanguzi. Mama anauliza mambo mawili: mwanangu ni mhalifu? Na deni hili ni langu? La pili ni jepesi: si lako, mama, ila kama ulilidhamini mwenyewe. La kwanza linategemea alichouza, bei aliyouzia na alivyopima. Hata hivyo, kama kuna kosa, aliyelianzisha si mwanao, na hapo ndipo sheria zetu zinapotia aibu.

Tuanze na lisilokatazwa. Kununua kitu na kukiuza kwa faida si kosa, hata kama kitu hicho kimeadimika na hata kama muuzaji ni kijana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo, na inakataza asifanyishwe kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inawaandama wanaokula njama za kupanga bei, na wakubwa wanaotumia vibaya nguvu zao sokoni. Ukubwa huo haufikiriwi mpaka mtu awe ameshika sehemu kubwa ya soko. Mtoto mwenye beseni la sukari kichwani hafiki huko hata akiuza mpaka uzeeni. Lakini kuna milango mitatu ambayo akiingia, ameingia kwenye kosa. Wa kwanza ni bidhaa iliyotangaziwa bei kikomo. Wa pili ni bidhaa isiyouzwa bila leseni, kama petroli: uhaba wa katikati ya 2023 ulizaa wauzaji wa chupa za plastiki, na hapo hakuna mjadala, kwa kuwa ni kuvunja Sheria ya Petroli ya 2015 na ni kumkabidhi mtoto moto. Wa tatu ni kipimo pungufu, na huu ndio wanaoupita wengi huku wakijiona werevu.

Itazameni robo kilo ya sukari. Januari 2024, baada ya mvua za El Niño kukwamisha uvunaji wa miwa na kazi za viwandani, serikali ilitangaza bei kikomo ya sukari: jumla shilingi 2,600 hadi 2,800 kwa kilo, rejareja 2,700 hadi 3,200, kutegemea kanda, mpaka mwisho wa Juni. Tuseme robo iliuzwa mtaani 1,200. Hiyo ni 4,800 kwa kilo, yaani 1,600 juu ya kikomo cha juu kabisa nchini. Sasa robo hiyo hiyo ikipimwa kwa kikombe badala ya mizani, ikatoka na gramu 200, mnunuzi amelipa 6,000 kwa kilo bila kujua. Bei ya kwanza aliiona, akanung'unika, akalipa. Wizi wa pili hakuuona kabisa. Anayenunua robo ndiye asiye na fedha ya kilo, kwa hiyo anayepunjwa ni yule yule asiyeweza kupunjwa bila kulala na njaa. Ukitaka kipimo cha haki katika biashara ya bidhaa adimu, jiulize kijana ameongeza nini. Anayepandisha dumu la maji kwenye milima ya Igogo ameongeza jasho lake, na bei yake ni ujira wa mgongo. Anayefungua gunia la kilo 50 akawauzia robo wasiomudu zaidi ameongeza huduma, na faida ya kiasi ni halali yake. Aliyewahi asubuhi akamaliza sukari yote ya duka la jirani, ili jirani asiikute na aifuate kwake, hakuongeza chochote. Amepunguza, kisha akatoza malipo kwa upungufu alioutengeneza.

Mtego wenyewe, hata hivyo, haupo kwenye beseni. Upo kwenye mali kauli. Wakati wa bei kikomo, mwenye ghala hawezi kuuza kwa 4,000 mezani kwake, kwa sababu mashine ya risiti inaandika na wakaguzi wanapita. Anachofanya ni kuugawa mzigo kwa vijana, bila risiti na bila maandishi, kwa bei iliyokwishavuka kikomo kabla gunia halijatoka mlangoni. Kijana akikamatwa, ghala halimjui. Kijana akiuza, ghala linamjua vizuri sana. Risiti isiyotolewa ndiyo ukuta wa mwenye ghala, na kijana hujengewa ukuta huo juu ya kichwa chake, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 humbana hata mnunuzi asiyedai risiti. Mzigo ukipotea, vitisho vinaanza: "Nitakufunga, nitamfunga na mama yako." Sikilizeni vizuri, wazazi. Chini ya Sheria ya Mikataba, makubaliano ya mtu asiyetimiza miaka 18 ni batili. Sheria hiyo inayatambua madai ya vitu vya lazima alivyopewa mtu wa namna hiyo kwa maisha yake, lakini magunia ya kuuza si chakula chake wala sare yake ya shule. Mtu mzima aliyemkopesha mtoto mali ya biashara amejipeleka mwenyewe kwenye hasara. Mzazi ambaye hakuweka sahihi wala kutamka kwamba atalipa, hana deni. Na polisi si wakusanya madeni. Shtaka la kujipatia mali kwa udanganyifu linataka uthibitisho kwamba kijana alidanganya kwa makusudi alipoichukua mali. Kushindwa kulipa peke yake hakutoshi. Askari anayemweka mtoto mahabusu ili mama akauze kabati ametumwa na mwenye ghala, si na sheria.

Pana upande wa pili wa haki hii, nao haukwepeki. Mzigo ambao bado uko ndani ya nyumba urudishwe, mbele ya shahidi na kwa maandishi. Ubatili wa mkataba ni kinga ya mtoto dhidi ya kukamuliwa. Kuugeuza kuwa mbinu ya kula mali ya mtu ni kumfundisha kijana ujanja ule ule aliofanyiwa. Kuhusu mali iliyobebwa na mgambo, anayechukua mali ya mtu kwa kazi ya umma anapaswa kuacha hati ya alichochukua, ikiwa na idadi, tarehe na sahihi. Nendeni kwa mtendaji wa kata mkaidai. Faini halali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na kutolewa stakabadhi. Inayolipwa mkononi nyuma ya gari ni rushwa, na simu ya TAKUKURU ni 113, bila malipo. Mtoto akihojiwa, mtake mzazi awepo, au afisa ustawi wa jamii. Na mjue kwamba Sheria ya Mtoto haimruhusu hakimu kumhukumu mtoto kifungo, hata akitiwa hatiani.

Wapo watakaosema hili ni soko huria: aliyenunua kwa 4,800 hakushikiwa panga. Ni kweli, lakini uhuru wa kununua una maana pale penye duka la pili. Katika mwezi wa Ramadhani, sukari ikiwa imekwisha mtaa mzima, anayenunua sukari ya uji wa futari ya wanawe hachagui, anakubali. Wengine watasema mtoto wa maskini ale wapi, na kwamba kumkemea yeye ni kumwacha tajiri. Hoja hii ina uzito, lakini imeishia njiani. Umaskini wake unaeleza kwa nini alikubali mzigo. Hauwezi kumgeuza jirani yake maskini kuwa shamba la kuvuna. Tena hesabu ya mali kauli inaonyesha kwamba faida haikubaki kwake. Akinunua kwa 4,000 na kuuza kwa 4,800, amepata 800 na hatari yote. Mwenye ghala aliyekuwa na kikomo cha 2,800 amepata 1,200 juu ya halali yake, akiwa amekaa kivulini. Kwa hiyo kijana anayesema "nikiuza kwa bei ya serikali napata hasara" amesema kweli, na ukweli huo ni ushahidi dhidi ya aliyemuuzia. Dawa ni kutoupokea mzigo huo.

Lawama kubwa ibaki kwa watunga sheria. Nchi hii imewahi kupigana na ulanguzi kwa nguvu zote. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilipitishwa sheria maalumu ya uhujumu uchumi iliyowanyima watuhumiwa dhamana na wakili, na mwaka uliofuata ikabidi ibadilishwe. Ilitisha watu, lakini maduka hayakujaa bidhaa. Mwaka 2024 tulirudia kosa hilo kwa sura ya upole: kikomo kikatangazwa, wauza duka wakakaguliwa, huku mzizi ukiwa juu, kwenye vibali vya kuagiza sukari. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, aliwalaumu hadharani wenye viwanda, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikauruhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) kununua na kuhifadhi sukari. Hiyo ni hatua. Bado hatuna sharti rahisi: kwamba bidhaa ikishawekewa kikomo, anayekutwa akiuza juu yake aulizwe kwanza alinunua kwa nani na kwa bei gani, na asiyeweza kuonyesha risiti alizotoa kwa mzigo uliotoka ghalani mwake ndiye awe mshtakiwa wa kwanza.

Mpaka sharti hilo litungwe, mama, usilipe hata senti kwa kutishwa, na usimruhusu mwanao apokee mzigo usio na risiti. Akitaka biashara baada ya masomo, mnunulie mizani iliyogongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, auze kitu alichokilipia mwenyewe, kwa bei anayoweza kuitamka mbele ya jirani. Mwenye ghala akija tena kudai, mwambie alete risiti ya mzigo wake, kisha mwende nyote wawili kwa msaidizi wa kisheria, ambaye chini ya sheria ya 2017 hutoa huduma bure. Akitokea kweli, itakuwa mara ya kwanza bei yake kuandikwa mahali.