Oman Wakati wa Kusi: Safari ya Vituo Vinne Pamoja na Barobaro

Mtu wa pwani yetu akisema kwamba atawapeleka watoto wake Oman katika mwezi wa Julai, hakosi kupata mjuzi wa kumwambia kuwa amerukwa na akili, kwani joto la Maskati katika mwezi huo hupita digrii 40 kivulini na usiku wenyewe haupoi. Mjuzi huyo hasemi uwongo. Walakini mimi nimekwisha kwenda mwezi huo huo, pamoja na mke wangu na watoto watatu, mvulana wa miaka 16 na mabinti wawili, wa 14 na wa 12, nikatanabahi jambo ambalo waongozaji wa wasafiri aghalabu hawalitaji: barobaro ni kiumbe wa usiku, hulala mpaka jua likapanda na huchangamka wakati wazee wake wanapopiga miayo, na Oman ya kaskazini wakati wa joto nayo ni nchi ya usiku. Maduka ya sokoni hufungwa mchana tangu saa saba mpaka saa kumi, na sheria hukataza vibarua kufanya kazi za juani tangu saa sita u nusu mpaka saa tisa u nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kisha jua likichwa, mji mzima hutoka nje na wazee, watoto wachanga na vikapu vya chakula, ukakaa pwani mpaka usiku mkubwa. Basi yule kijana ambaye nyumbani hugombezwa kila siku kwa kulala mchana, huko amekuwa mwenyeji hata kabla ya kulifungua begi lake.

Ratiba yangu ni ya vituo vinne kwa siku 12 au 13, navyo ni Maskati, Nizwa, Sur na Salalah, kwa utaratibu huo huo. Wako watakaotaka kuongeza Musandam kwa sababu wameiona katika picha, nami nawasihi wasiongeze, maana kila kuhama kwa watu watano hula nusu ya siku, na katika kila hoteli hubaki chaja moja ukutani. Salalah iwe ya mwisho daima. Mvua yake, wanayoiita kharif, huhesabiwa tangu tarehe 21 Juni mpaka 21 Septemba, lakini katika wiki za mwanzo milima bado ni ya kahawia, na ukijani wenyewe hukolea mwishoni mwa Julai na katika Agosti. Kwa hiyo mzazi ambaye likizo ya wanawe ni ya Juni avute safari yake kuelekea mwisho wa likizo kadiri awezavyo. Mwenye watoto wanaosoma Kenya au Ulaya, ambao hupumzika Agosti, huyo amebahatika.

Kuhusu makaratasi sina mengi. Viza huombwa kwa njia ya intaneti katika tovuti ya Polisi ya Oman, na kila pasi iwe na uhai wa miezi sita mbele. Mzazi asafiriye peke yake na watoto achukue vyeti vyao vya kuzaliwa pamoja na barua ya idhini ya mwenziwe, hata kama hakuna atakayemuuliza. Plagi zao ni zile zile za pini tatu tunazotumia sisi. Gari huendeshwa mkono wa kulia, na asiyezoea ni afadhali akodi gari pamoja na dereva kuliko kujifunza penye barabara kuu ya Maskati.

Jambo la fedha nilimwachia binti yangu wa kati, nami nawashauri wazazi wengine wafanye vivyo, kwa kuwa barobaro aliyekabidhiwa mkoba haombi vitu ovyo. Rial moja ina baisa 1,000, na hapo ndipo penye mtego: iko noti ya baisa 500 na iko noti ya rial tano, na siku ya kwanza bibie alinunua chai ya maziwa yenye iliki akamkabidhi muuzaji rial tano huku akiamini ametoa baisa 500. Muuzaji aliitazama noti, akamtazama yeye, akacheka na kumrudishia. Tangu hapo hesabu zetu hazikupotea hata baisa moja, wala mimi sikupata ruhusa ya kununua kahawa ya pili.

Maskati yatosha siku tatu. Asubuhi moja iwe ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao zulia la ukumbi wake wa sala lina urefu wa mita 70 na upana wa mita 60, na lilifumwa Iran kwa mikono; wageni wasio Waislamu huruhusiwa asubuhi peke yake, tangu saa mbili mpaka saa tano, isipokuwa Ijumaa, na wanawake wote wafunike nywele. Magharibi nendeni Mutrah. Soko lake lina vichochoro ambavyo mtu wa Mji Mkongwe hawezi kujiona mgeni ndani yake, na kofia zilizodariziwa zinazoning'inia madukani, ambazo wao huziita kumma, ni ndugu wa kofia zetu. Katika duka moja la vitambaa mabinti wangu walikuwa wakibishana bei kwa sauti ya chini, wakidhani wamo katika faragha ya lugha yao, mara bibi mmoja aliyekaa pembeni akawauliza, "Wanangu, nyinyi wa Unguja mjini au wa shamba?" Wakaduwaa. "Shikamoo bibi," akasema mdogo. "Marahaba, mwanangu," naye akawasogezea haluwa. Wazazi wawaeleze watoto wao mapema sababu ya jambo hili: kwamba Sayyid Said bin Sultan aliyahamishia Unguja makao ya utawala wake katika karne ya 19, kwamba wengi waliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, na kwamba baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 waliokuwa na asili ya huko waliitwa warudi, wakarudi na Kiswahili chao. Barobaro huidharau historia akisomeshwa darasani, walakini aliyekwisha kulishwa haluwa huuliza maswali mwenyewe.

Sasa nije kwenye alfajiri. Mzazi mwenye tadbiri huzihesabu alfajiri za watoto wake kama akiba iliyo chache, asizitumie ovyo. Sisi tulitumia mbili tu katika safari nzima. Ya kwanza ilikuwa Nizwa, mji ulio mbali na Maskati kwa kilomita 160 hivi, ambako kila Ijumaa asubuhi hufanywa mnada wa mbuzi. Pangeni ili usiku wa kuamkia Ijumaa muwe mmelala Nizwa penyewe, na mtakapofika sokoni mapema mtawaona wanunuzi wamekaa na kusimama kwa duara, na wauzaji wakizunguka kati yao na mbuzi wao, wengine wakiwavuta kwa kamba na wengine wamewapakata kifuani, huku wakitangaza bei. Mnunuzi humshika mbuzi apitapo, akamtazama meno, akamwachia au akamchukua. Mwanangu, aliyeamshwa kwa kuburutwa, alisimama pale muda mrefu, akaniuliza kama inaruhusiwa kumpandisha mbuzi katika ndege.

Baada ya mnada iko ngome, hatua chache tu kutoka hapo, na mnara wake wa duara, mpana kama uwanja na mrefu takriban mita 30, ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyeichukua Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Waonyesheni watoto chumba cha tende, ambacho sakafu yake ina mifereji: magunia ya tende yalirundikwa juu yake, na asali iliyochuruzika kwa uzito wake ilikusanywa chini, ikaliwa wakati wa amani, na wakati wa vita ikachemshwa na kumiminwa juu ya vichwa vya maadui kupitia matundu yaliyo juu ya milango. Joto likiwashinda, pandeni Jabal Akhdar, kwenye uwanda ulioinuka mita 2,000 hivi, penye hewa nyepesi na miti ya komamanga. Lakini jueni kwamba penye kizuizi cha chini polisi hawaruhusu gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne.

Kutoka Nizwa shikeni njia ya bara ipitayo Ibra mpaka Sur, bandari ya wale Wasuri ambao majahazi yao babu zetu waliyangoja kila musimu. Katika mji huo limewekwa Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa huko mwaka 1951, na karakana ya mafundi wa majahazi iko karibu. Lakini kilichowashika wanangu ni kasa wa Ras al Jinz. Mwenda huko hupeleka maombi mapema, kwani idadi ya watu ina kikomo, na huongozwa na mlinzi kiasi cha saa tatu usiku, bila tochi wala taa ya simu. Tulisimama nyuma ya kasa mmoja, mkubwa kama meza ya chakula, tukaona mayai yakianguka shimoni moja moja, meupe na laini, kisha akaanza kufukia kwa makasia yake, akarusha fumba la mchanga likampata mwanangu usoni na kinywani. Hakutema. Aliogopa kumshtua.

Kesho yake walale watakavyo, na siku ya pili itumike ile alfajiri iliyobaki, kwa ajili ya Wadi Shab, katika njia ya kurudi Maskati. Mashua huwavusha kwanza, kisha ni mwendo wa dakika 45 au zaidi juu ya mawe, mpaka penye maji ya kijani ambapo huogelewa kufikia pango lenye maporomoko ndani yake, na mlango wake ni ufa unaopitisha kichwa tu. Asiyejua kuogelea abaki. Na kama mawingu yamekaa juu ya milima, abaki kila mtu, maana mafuriko ya bonde hutangulia mvua.

Salalah iko kilomita 1,000 na ushei kutoka Maskati. Pandeni ndege, mwendo wa saa moja na nusu, wala msishawishike kwenda kwa gari. Hapo ndipo msafiri wetu anapokutana na upepo wake wa nyumbani. Kusi ile ile iliyosukuma majahazi kutoka kwetu kwenda Uarabuni hufika Dhofar ikavuta juu maji ya baridi kutoka vilindini, hewa ikapoa, ukungu ukagota milimani na kuwa manyunyu ya miezi mitatu. Mnatoka kwenye digrii 42 mkaingia kwenye 25, kwa hiyo kila begi liwe na sweta. Wadi Darbat ina maporomoko na ngamia wanaokula majani mabichi kama ng'ombe. Huko Mughsail bahari huruka juu kwa matundu ya mwamba. Kuogelea baharini kumekatazwa, na mawimbi yenyewe yanaonyesha sababu. Barabara za mlimani ziendeni polepole, kwani ngamia hutokea ghafula katika ukungu. Kando ya njia huuzwa madafu, ndizi na mapapai, na binti yangu mdogo akaniuliza, "Baba, tumepanda ndege mbili kuja kunywa madafu?" Nikamjibu kwa kumpeleka Al Baleed, magofu ya mji wa Zafar, ambako msafiri Ibn Battuta alifikia akitoka Kilwa mwaka 1331, yamkini naye aliuliza hivyo hivyo.

Vyumba vya Salalah hukamatwa mapema na bei hupanda, kwa sababu Ghuba yote hukimbilia huko. Sisi tulifika tukaambiwa vyumba vyetu viwili vimepewa watu wengine, tukalala watu watano katika kimoja, na mvulana akalala bafuni kwa hiari yake. Takeni thibitisho la maandishi, kisha pigeni simu siku mbili kabla ya kufika.

Ubani ununueni siku ya mwisho, sokoni, kwa wanawake wanaouuza kwa kuufukiza mbele yako. Ulio bora huitwa hojari, rangi yake ni nyeupe inayoelekea ukijani, na hutoka nyuma ya milima, kule ambako ukungu wa kusi haufiki. Ufungeni kwa mifuko miwili ya nailoni. Sisi tuliufunga kwa mmoja, na sare za shule za wanangu zilinukia chetezo muhula mzima.