Dondoo Muhimu: Risasi Zilizochakaa
• Rangi: Ganda la shaba lililofifia tu kwa kawaida bado ni zima. Kutu ya kijani, vishimo, ufa au kichwa kinachocheza ni dalili kwamba risasi haiaminiki kulinda nyumba.
• Hifadhi: Joto la chumba cha mabati, unyevu na mafuta huharibu baruti na kiwashio. Risasi huwekwa pakavu, chini ya kufuli, mbali na watoto.
• Ikikataa kulipuka: Mtutu hubaki umeelekezwa upande salama kwa sekunde 30 hivi kabla ya kuitoa.
• Sheria: Sura ya 114 ya Sheria za Kenya hukataza kumiliki risasi bila cheti. Risasi iliyoharibika haitupwi jaani Dandora, Nairobi, bali hukabidhiwa polisi. Anayeikuta risasi mtaani Kayole au Umoja asiiguse, awaite polisi.