Mfanyakazi wa Wakala

Swali: Wakala amenileta ghalani hapa Leicester. Mwajiri wangu hasa ni nani, na mbona mwenzangu ananizidi ujira?

Jibu: Ndugu yangu, ujira wako hutoka kwa wakala ilhali amri za kazi hutoka kwa mwenye ghala, na aghalabu kila mmoja, ukilalamika, hukuelekeza kwa mwenziwe. Kwa kanuni za wafanyakazi wa wakala za mwaka 2010, chumba cha kulia wafanyakazi ni haki yako tangu siku ya kwanza. Ama ujira sawa na wa aliyeajiriwa moja kwa moja, huo huupati ila baada ya majuma 12 ya kazi ile ile, hesabu ambayo, kazi ikikatika zaidi ya majuma 6, kwa kawaida huanza upya (na wako mawakala waijuao mno hesabu hiyo). Basi hifadhi kila hati ya mshahara, iwe ushahidi wa majuma yako.